Mlinzi wa Geti wa 1950 au wa Leo? Kuchagua Vifaa Tendaji vya Treni Ndogo za Lionel

Treni ikizunguka mezani mara ishirini bila jambo lingine kutokea, hata mtoto anayeipenda huanza kutazama pembeni. Kampuni ya Lionel, iliyoanzishwa New York mwaka 1900, ililijua hilo mapema. Ndiyo maana ilijaza katalogi zake vitu vya kuweka kando ya reli ambavyo navyo vina kazi yao: mlinzi anayetoka kibandani treni inapopita, mashine ya kupakia makaa ya mawe, zizi la ng'ombe wanaotembea wenyewe, mtu wa maziwa anayesukuma makopo nje ya behewa. Hapa nitaviita vifaa tendaji.

Anayetaka kununua kimoja hukwama kwenye swali lilelile. Achukue cha zamani, cha miaka ya baada ya vita kuu ya pili hadi 1969, au kipya kinachotoka kiwandani leo? Mimi nimekulia Voi, pale ambapo reli ya Taveta inachepuka kutoka njia ya Mombasa na Nairobi, na sasa ninaishi Pennsylvania. Mezani kwangu kuna walinzi wawili, mmoja wa zamani na mmoja mpya, na sitaki kumuuza hata mmoja. Kwa hiyo sitakwambia yupi ni bora. Nitakuonyesha kila mmoja anakudai nini.

Mambo ya kupima

Nitavilinganisha kwa mambo saba: kinavyojongea, umeme kinaoutaka, kinavyojua kwamba treni imefika, umbo na sauti, ubovu na vipuri, bei, na mikono itakayokigusa. Jambo la pili na la tano ndiyo yanayowaliza watu, kwa hiyo nitakaa hapo zaidi. Ninazungumzia saizi ya O, ile ya reli tatu, maana humo ndimo vifaa hivi vilipokulia.

Kinavyojongea

Vya zamani vina njia tatu. Ya kwanza ni koili inayovuta chuma. Umeme ukipita, kipande cha chuma kinavutwa ghafla, na kilichofungwa nacho kinafuata. Mlinzi namba 145, aliyetoka mwaka 1950 kumrithi ndugu yake wa 1935, ni wa aina hiyo: mlango unafunguka kwa kishindo na mtu anachomoka, taa mkononi. Treni ikimaliza kupita, anarudi ndani. Mtu wa maziwa wa behewa namba 3462, la 1947, naye ni koili. Bonyeza kitufe, anatoa kopo. Bonyeza tena, lingine.

Njia ya pili ni mtetemo, na kwangu hii ndiyo akili kubwa kuliko zote. Umeme wa mkondo geu hubadili mwelekeo mara nyingi kwa sekunde, kwa hiyo koili huvuta na kuachia, huvuta na kuachia, mpaka bati lililo juu yake linatetemeka. Kitu chenye miguu laini inayopinda kikiwekwa hapo husogea mbele chenyewe. Ng'ombe wa zizi namba 3656 hutembea hivyo, kutoka behewani, kuzunguka zizini, kurudi behewani. Mikokoteni ya mizigo ya stesheni namba 356 nayo ni hivyohivyo. Lakini ng'ombe hawa wana tabia zao. Volti zikizidi kidogo wanaanguka na kulundikana mlangoni. Zikipungua wanatetemeka palepale walipo. Unatafuta kipimo chao kwa kuzungusha mkono wa transfoma taratibu, na kesho unaweza kulazimika kukitafuta tena.

Njia ya tatu ni mota ya kawaida, kama ile ya kipakia makaa namba 397 cha 1948: unamwaga makaa kwenye sinia, sinia linayatikisa hadi kwenye mkanda, mkanda unayapandisha na kuyamwaga ndani ya behewa linalosubiri. Kuna hata mnara wa taa, namba 394, ambao kofia yake huzungushwa na joto la balbu peke yake, bila mota wala koili.

Vifaa vipya vingi hutegemea mota ndogo yenye gia, na mara nyingi bodi ya umeme ndiyo inayoamua nini kifuate nini. Mwendo ni wa polepole na uleule kila siku. Mlango unafunguka kwa utulivu, mtu anatoka bila kuruka. Vingine vina mfululizo mzima wa vitendo: gari linaingia kituo cha mafuta, mhudumu anatoka, gari linaondoka. Cha zamani hakiwezi hadithi ndefu kiasi hicho. Kwa upande mwingine, kile kishindo cha mlinzi wa 1950 kina uhai ambao sijauona kwenye mwendo wa gia. Anayetaka kutazama mandhari tulivu atapenda kipya. Anayetaka kushtuka na kucheka atapenda cha zamani.

Umeme

Hapa soma mara mbili, hasa kama unapanga kupeleka mzigo nyumbani.

Vifaa vya zamani vilitengenezwa kwa umeme wa mkondo geu, takriban volti 12 hadi 16 kwa vingi. Chanzo chao kilikuwa transfoma kama ZW, iliyoanza kuuzwa mwaka 1948, yenye mikono minne ya kupandisha na kushusha volti. Seti nyingi za treni za kuanzia za siku hizi, zile za LionChief, huja na adapta ya ukutani inayotoa mkondo mnyoofu, usiobadili mwelekeo, wa volti 18. Ukifunga zizi la ng'ombe la zamani kwenye adapta hiyo, koili itavuta mara moja na kung'ang'ania. Hakuna mtetemo, hakuna ng'ombe anayetembea, na koili inaanza kupata joto. Kifaa hakijaharibika. Kimepewa chakula kisicho chake. Nimeona vitu vizima vikiuzwa kwa bei ya kutupa kama "vibovu" kwa sababu hiyo tu.

Vifaa vipya vimekusudiwa kuishi na mfumo mpya. Reli ya FasTrack, iliyoingia sokoni mwaka 2003, ina kitako chake cha plastiki na vipande vya kushika kwa kubana, na vifaa vingi vya sasa huja na nyaya zenye plagi tayari. Unachomeka, unamaliza. Cha zamani kina skrubu za kukazia nyaya, na wewe ndiye unayeamua uzifunge wapi, zipitie swichi ipi, na ziwe na volti ngapi. Uhuru huo ni raha kwa mmoja na kero kwa mwingine.

Sasa suala la kwetu. Umeme wa Marekani ni volti 120 na hezi 60. Kenya, Tanzania, Uganda ni volti 230 au 240 na hezi 50. Transfoma ya zamani ya Kimarekani ikichomekwa moja kwa moja kwenye ukuta wa Mombasa itaungua. Utahitaji transfoma ya kushusha, na uchague yenye nguvu maradufu ya unachokihitaji. Hata hivyo, transfoma iliyosukwa kwa hezi 60 hupata joto zaidi ikiendeshwa kwa 50. Ng'ombe nao watahisi tofauti: kwa hezi 60 bati hupigwa mara 120 kwa sekunde, kwa 50 ni mara 100, kwa hiyo kipimo ulichokizoea Marekani utakitafuta upya.

Njia ninayoipenda mimi ni kuiacha ZW Marekani kabisa. Mpe kazi fundi anayesuka mota na transfoma mtaani, mwambie unataka ya kuingiza 240 na kutoa 12, 14 na 16 za mkondo geu, yenye fyuzi. Kwake ni kazi ya kawaida, na kifaa cha zamani hakijali transfoma imetoka nchi gani. Kwa kipya, geuza adapta usome kilichoandikwa chini. Ikiandikwa 100 hadi 240, chomeka bila hofu, ukiwa na plagi inayoingia ukutani. Ikiandikwa 120 peke yake, usiijaribu.

Kinavyojua kwamba treni imefika

Cha zamani mara nyingi kilikuja na swichi ya kulalia chini ya reli, kama ile namba 145C, inayobonyezwa na uzito wa treni. Ina nati ya kurekebisha. Treni nzito ya chuma huibonyeza vizuri. Behewa jepesi la plastiki linaweza kupita bila mlinzi kuamka.

Kipya huweza kutumia jicho la miale ya infraredi linaloona treni ikikata njia yake, au kipande maalumu cha reli, au rimoti na programu ya simu. Jicho halijali uzito, ila jua kali la dirishani linaweza kulichanganya.

Ipo njia moja inayohudumia pande zote mbili, nayo ni ya bei ndogo kuliko zote. Kwenye reli tatu, ya katikati hubeba umeme na mbili za nje huurudisha. Ukikata mawasiliano ya kipande kimoja cha reli ya nje, kipande hicho hakina kitu mpaka magurudumu ya chuma yapite juu yake na ekseli iunganishe reli ya pili. Treni yenyewe inakuwa swichi. Hakuna kinachobonyezwa, hakuna kinacholika. Angalizo moja kwa wenye koili: usisimamishe treni juu ya kipande hicho kwa muda mrefu, kwa kuwa mlinzi atabaki nje na koili yake itaendelea kula umeme na kupata joto.

Umbo na sauti

Cha zamani ni bati nene, zinki ya kumimina, bakelaiti na plastiki nzito. Rangi ni za kung'aa, nyekundu, kijani, njano, na ukubwa wa vitu haufuati kipimo. Mlinzi namba 145 ni jitu akisimama karibu na magari ya saizi ya O. Kipya mara nyingi kina nakshi ndogo zaidi, taa za LED zisizochoma, na sauti zilizorekodiwa: honi, kengele, watu wakiongea. Cha zamani kina mvumo wa koili tu. Mvumo huo ukiwa chumba cha juu na watu wamelala chini, utausikia ukutani.

Ubovu na vipuri

Watu husema cha zamani ni imara na kipya ni dhaifu. Si sahihi kwa ukamilifu wake. Vyote huharibika, ila kwa namna tofauti, na namna hiyo ndiyo ya kuipima.

Cha zamani huharibika polepole na mahali panapoonekana. Grisi ya miaka sabini inakuwa gundi. Mkanda wa mpira wa kipakia makaa hukakamaa na kupasuka. Waya uliofunikwa kwa mpira hubanduka ngozi ukiugusa. Viunganishi hushika kutu. Koili zenyewe hufa mara chache. Karibu kila tatizo hapo linatibika kwa bisibisi, spiriti, tone la mafuta na risasi ya kulehemu. Zaidi ya hayo, Lionel ilitoa vitabu vya mafundi vyenye michoro ya kila skrubu, vimechapwa tena na tena, na karakana ndogo Marekani bado zinatengeneza mikanda, springi, ng'ombe na watu wa badala. Kitu cha 1952 kina vipuri kuliko baadhi ya vitu vya miaka kumi iliyopita. Jihadhari tu na vya kabla ya vita: zinki yake ikiwa ilichanganyika na uchafu huvimba, hupasuka na kumong'onyoka, na ugonjwa huo hauna dawa.

Kipya huja kikiwa kizima, kimejaribiwa, na mara nyingi kina dhamana. Hilo si jambo dogo. Unaokoa wikendi tatu za kusugua kutu. Lakini bodi yake ikifa, huioni imekufa wapi. Vifaa hivi hutengenezwa kwa mafungu. Fungu likiisha, bodi ya aina hiyo inaweza kuisha nalo. Mimi nimewahi kutafuta bodi ya kifaa kisicho na umri wa mtoto wa darasa la tano na sikuipata, nikaishia kuing'oa na kuweka swichi ya kawaida. Kilitembea tena, lakini sauti zake zote zilipotea.

Mwenye kiu ya kujua kitu kinafanyaje kazi atajifunza mengi kwa cha zamani. Mwenye muda mchache, anayetaka saa moja ya furaha Jumamosi jioni, hana sababu ya kujitesa.

Bei

Vifaa vya zamani vilivyouzwa kwa wingi, kama mlinzi namba 145 na behewa la maziwa, bado ni vingi sokoni na havigharimu sana bila boksi. Kinachopandisha bei ni boksi la asili, hali ya rangi, na tofauti ndogo ambazo mwenye mkusanyiko anazijua. Kipakia makaa chenye kifuniko cha njano cha mota, kwa mfano, hutafutwa kuliko chenye kifuniko cha buluu. Kama unataka kuchezea tu, nunua kisicho na boksi, chenye mikwaruzo. Kipya kina bei iliyoandikwa na hakina mafumbo, ila kikitoka dukani thamani yake kwa kawaida hushuka. Ongeza pia usafiri: chuma kina uzito, na uzito hulipiwa.

Mikono itakayokigusa

Kipya kinamfaa mtoto mdogo zaidi. Adapta yake hujikata haraka nyaya zikigusana, taa zake hazichomi, na hakuna kebo ya ukutani ya miaka ya hamsini inayochanika. Rimoti ni rahisi kushika. Mwanamuziki Neil Young, aliyekuja kuwa mmoja wa wamiliki wa Lionel katika miaka ya 1990, alianza kubuni vidhibiti vya treni ili mwanawe Ben, mwenye ulemavu unaomzuia kutumia mikono kama wengine, aweze kuziendesha mwenyewe. Kazi hiyo ndiyo iliyochangia kuzaliwa kwa mfumo wa kuongoza treni kwa rimoti. Nikiona mtoto asiyeweza kuzungusha mkono wa transfoma akibonyeza kitufe kimoja na geti likashuka, sina neno baya la kusema juu ya teknolojia mpya.

Cha zamani nacho kina jambo lake kwa watoto wakubwa kidogo. Ukifungua tumbo lake, wanaona kila kitu: umeme unaingia hapa, chuma kinavutwa pale, mlango unafunguka. Hakuna siri ndani ya kijiboksi cheusi. Ila mtu mzima awepo, kebo ya ukutani iwe imebadilishwa kwanza, na balbu zisiguswe zikiwa zimewaka.

Kipo cha tatu

Kuanzia miaka ya 1970 Lionel imekuwa ikitoa upya vifaa vyake vya zamani, vingine kutoka kalibu zilezile. Mlinzi, behewa la maziwa, kipakia makaa, vyote vimerudi mara kadhaa. Vina sura ya zamani na nyaya mpya. Baadhi vimebaki na koili na mtetemo uleule, vingine vimewekewa mota. Muulize muuzaji kabla ya kulipa, kwa sababu sura haitakwambia, na umeme unaohitajika unategemea hilo.

Kulingana na hali yako

Una seti mpya ya LionChief na mtoto wa miaka minne au mitano: chukua kipya cha mfumo huohuo. Cha zamani kitakulazimu kununua transfoma ya pili kabla mlango haujafunguka hata mara moja.

Unaishi Dar es Salaam au Nairobi, na fundi wa transfoma yuko mtaa wa pili: cha zamani kinakufaa zaidi kuliko unavyodhani. Hakina bodi ya kuagiza ng'ambo, na kila kilicho ndani yake fundi huyo ameshakiona kwenye feni na kengele za milango.

Unajenga mandhari ya kutazamwa, stesheni yenye taa, watu wa kipimo sahihi, usiku unaoingia polepole: kipya, au cha kurudiwa chenye mota. Jitu la 1950 litakuharibia picha.

Una meza kubwa na treni nzito za chuma, na unapenda kuzifungua: cha zamani. Anza na 145 kwa sababu ni rahisi, halafu 397, na zizi la ng'ombe liwe la mwisho, mkono wako ukishazoea kuzungusha volti.

Uko Marekani na hujawahi kuviona vikifanya kazi: nenda Strasburg, Pennsylvania, kwenye jumba la makumbusho la kitaifa la treni za kuchezea, au maonyesho ya treni za kuchezea ya York, jimbo hilohilo, ya Aprili na Oktoba. Sikia mvumo kwa masikio yako kabla ya kuamua.

Na kama hujanunua chochote, ila umerithi boksi kutoka kwa mzee aliyefariki, usikichomeke leo. Kagua nyaya kwanza, badilisha zilizobanduka. Futa grisi iliyokauka, sogeza kila mkono wa chuma kwa kidole uone haujakwama. Kisha tumia transfoma ya mkondo geu yenye fyuzi, anza na volti nane, subiri, panda hadi kumi, subiri tena. Mlinzi akiwa mzima, mahali fulani kati ya kumi na kumi na nne mlango utafunguka na utamwona anatoka na taa yake.